Tulichoibiwa Si Kiti

Kinyozi wangu wa Kondele ana hadithi moja, na ukikaa kwake lazima uisikie. Kabla mashine haijafika sikio la pili atakuwa ameshakuambia kwamba mwaka wa 1961 mzungu alimwita Jaramogi Oginga Odinga kando, akamwambia achukue nchi, na Jaramogi akakataa mpaka Jomo Kenyatta atoke kifungoni. "Omera, tulikuwa nayo mkononi," anasema, mashine imeinuliwa juu. "Tukaipeana." Walioketi kwenye benchi wakingoja zamu wanatikisa vichwa. Wengine wao hawajafika miaka ishirini.

Hadithi hii nimeisikia maisha yangu yote. Nimeisikia matangani, nimeisikia kwenye matatu za Bondo, nimeisikia Lwang'ni tukingoja samaki aive. Mimi mwenyewe nimeisimulia, tena kwa machungu. Leo nataka kusema jambo ambalo pengine litanilazimu nitafute kinyozi mwingine: hadithi hii imetudhuru. Imetufanya tuamini kwamba uhuru wa Kenya ulikuwa kiti kimoja, kwamba kiti kile kilikuwa chetu, na kwamba siku tutakayorudishiwa, deni litakuwa limelipwa. Na muda wote tuliokodolea macho kiti, nyumba yenyewe ilikuwa inabomolewa ukuta baada ya ukuta.

Tuanze na kiti chenyewe basi.

Februari 1961 KANU ilishinda uchaguzi, viti 19 dhidi ya 11 vya KADU. Rais wa KANU hakuwa Jaramogi. Alikuwa James Gichuru, aliyekuwa akimshikia Kenyatta nafasi. Jaramogi alikuwa makamu, na Tom Mboya wa Rusinga alikuwa katibu mkuu. Chama kikasema hakiundi serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Gavana Patrick Renison hakumwachilia, na badala yake KADU ya Ronald Ngala ikaingia serikalini ikisaidiwa na wazungu waliokuwa na viti vyao. Kenyatta akatoka Agosti mwaka huo. Mei 1963 KANU ikashinda tena, tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na tarehe 12 Desemba bendera ya Mwingereza ikashuka.

Sasa nionyeshe kile kiti. Hata kama ile hadithi ya kuitwa kando ni kweli neno kwa neno, kilichokuwa mkononi mwa Gavana mwaka wa 1961 kilikuwa nafasi ndani ya serikali ambayo funguo zake alibaki nazo yeye. Polisi walikuwa wake. Jeshi lilikuwa lake. Na tuna ushahidi wa kile ambacho nafasi ile ilimfanyia aliyeikubali, maana yupo aliyeikubali. Ngala alikaa pale. Nenda Kilifi, nenda Mombasa, uwaulize watu wa pwani kama Ngala aliwahi kuwa mwenye nchi. Novemba 1964 KADU yote ilijivunja ikaingia KANU, na mambo ya pwani yakabaki palepale.

Ninachojivunia kwa Jaramogi ni kitu kingine kabisa. Juni 1958, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, alisimama akasema waziwazi kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu. Siku hizo jina hilo hukulitamka mahali kama pale. Wazungu walipiga kelele, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walimruka. Yule mzee hakuwa anampa mtu kiti. Alikuwa anasema kwamba serikali haina haki ya kumfungia mtu kule Lokitaung kisha itangaze kwamba watu wake wamemsahau. Hilo ni suala la sheria na haki, na lingekuwa kweli hata kama aliyefungwa angekuwa mtu wa Lamu.

Tulichukua tendo hilo kubwa tukaligeuza hadithi ya mkopo ambao haukulipwa. Nyumba moja ilikopesha, nyumba nyingine haikurudisha. Na sisi wengine wote, kutoka Usenge hadi Homa Bay, tukawa wadai kwa niaba ya nyumba ambayo si yetu.

Basi tuliibiwa nini?

Kenya ilizaliwa Desemba 1963 ikiwa na katiba. Haikuwa nzuri kabisa. Ilijadiliwa Lancaster House, London, kwa raundi tatu, 1960, 1962 na 1963, na kila upande ulivuta kwake. Lakini ilikuwa na majimbo saba yenye mabaraza yao, na Seneti ya watu 41, na kuibadilisha kulifanywa kuwe kugumu makusudi, ili mtu mmoja Nairobi asiamke asubuhi moja akaamua kila kitu. Ukitaka kujua tuliibiwa nini, ndicho hicho. Haikuchukua miaka minne. Desemba 1964 nchi ikawa Jamhuri yenye rais mwenye mamlaka makubwa, na majimbo yakabaki jina. Wale PC na DC, ngazi ileile aliyoipanda mkoloni kutoka kwa Gavana hadi kwa chifu wa kijijini, wakawekwa chini ya ofisi ya Rais. Kufikia mwanzo wa 1967 Seneti haikuwepo tena.

Sasa hapa ndipo mtanirushia mawe, lakini subirini nimalize. Nani alibomoa?

Kenyatta, ndiyo. Lakini hakubomoa peke yake, na waliomshikia nyundo ni pamoja na watu wetu. Jaramogi alikuwa miongoni mwa waliopinga majimbo kwa nguvu zote. Aliyaona kuwa mtego wa walowezi wa kuigawa nchi, na alikuwa na sababu zake. Katika mwaka ule wa kubomoa alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Desemba 1964 Jamhuri ilipozaliwa alikuwa Makamu wa Rais wake wa kwanza. Mboya alikuwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mtoto wa Bondo na mtoto wa Rusinga, vichwa viwili vikubwa kuliko vyote ufuo huu uliowahi kutoa, walisaidia kuondoa kufuli mlangoni kwa sababu wakati huo wao walikuwa ndani.

Halafu zamu ikageuka, na haikukawia.

Februari 1965 Pio Gama Pinto, rafiki na mwandani wa Jaramogi, aliuawa kwa risasi Nairobi. Machi 1966, mkutano wa KANU pale Limuru ulifuta nafasi ya makamu mmoja wa chama ukaweka makamu wanane, ili Jaramogi akose pa kukalia. Aliyeupanga mkutano ule alikuwa Mboya. Jaramogi akajiuzulu umakamu wa Rais, akaunda KPU na wenzake. Haraka haraka Bunge likapitisha kwamba mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapigakura, sheria iliyoshonwa kwa kipimo cha watu wale wale. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU kwa jumla, lakini ikaambulia viti 9 tu. Mwaka huo huo sheria ya usalama wa umma ikarekebishwa, serikali ikaweza kumweka mtu kizuizini bila kesi hata nchi ikiwa haina vita. Mkoloni alifanya hivyo kwa jina la hali ya hatari. Sisi tukafanya kwa jina la kujitawala.

Tulipoondoa kufuli, tulidhani mwizi ni wa upande ule mwingine tu.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya mwenyewe, aliyeandika na kupanga mengi ya hayo, alipigwa risasi mchana peupe katikati ya Nairobi. Siko hapa kusema alistahili, hakuna anayestahili. Nasema kwamba nchi aliyosaidia kuijenga haikuwa na chombo chochote cha kumlinda, wala cha kutuambia kwa uhakika nani alikuwa nyuma ya yule aliyefyatua.

Na Oktoba ikafika.

Ile hospitali tunayoiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Kenyatta alikuja kuifungua. Watu walikuwa na hasira ya Mboya, wakapiga kelele. Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, na Rais akaporomosha matusi kwenye kipaza sauti. Msafara ulipokuwa ukiondoka walinzi walifyatua risasi kwenye umati na kando ya barabara. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kila mzee wa Kisumu atakuambia ni wengi zaidi ya hapo, na miongoni mwao walikuwa watoto waliokuja kumwona Rais. Jaramogi akawekwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku. Ramogi Achieng Oneko, aliyefungwa na mkoloni bega kwa bega na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, sasa akafungwa na Kenyatta, na hakutoka hadi 1975. Desemba 1969 tukapiga kura na chama kilikuwa kimoja tu.

Niweke wazi ili nisieleweke vibaya: damu ya Russia iko juu ya waliofyatua na waliowaamuru. Simlaumu aliyepigwa. Lakini tunapohadithia siku ile kama ugomvi wa wazee wawili jukwaani, tunawasaidia wale waliofyatua. Ugomvi wa wazee wawili ungeisha kwa matusi. Ulikwisha kwa maiti kwa sababu kati ya hasira ya mtu mmoja na vidole vya walinzi wake hakukuwa na kitu chochote tena: si bunge lenye meno, si mahakama, si jimbo, si chama cha upinzani. Vyote vilikuwa vimeondolewa katika miaka ile mitano, kwa makofi.

Kuna anayesema: lakini waliopata kiti walifaidi, tazama kwao. Hebu tazama vizuri. Bildad Kaggia wa Murang'a, naye alifungwa Kapenguria, alipowatetea wasio na ardhi Kenyatta alimuuliza mbele ya watu yeye amejifanyia nini binafsi, kwamba wenzao waliofungwa pamoja sasa wana mashamba. Kaggia akaenda KPU, akapoteza kiti. Waliopigana msituni wakakaa bila shamba chini ya rais wa kabila lao. Kiti kilishibisha watu wa meza moja. Majirani wa ile meza walilala njaa sawasawa na mvuvi wa Dunga, tofauti ni kwamba wao walilala wakiambiwa wametawala.

Sasa nije kwa kizazi chetu, maana historia bila leo ni porojo.

Tarehe 1 Juni 2021 Madaraka iliadhimishwa Kisumu. Uwanja mpya Mamboleo, ndege angani, Rais wa Burundi mgeni wa heshima. Uwanja ulipewa jina la Jomo Kenyatta. Rudia tena polepole: Kisumu, uwanja wa Jomo Kenyatta, na Jomo ambaye baada ya Oktoba 1969 hakurudi tena huku hadi alipofariki 1978. Tulicheka kidogo mitandaoni, tukapiga selfi, tukaenda nyumbani. Kwenye jukwaa mwana wa Jomo na mwana wa Jaramogi walikaa kama ndugu, na wengi wetu tulihisi kwamba hatimaye deni limeanza kulipwa.

Siku 19 kabla ya hapo, tarehe 13 Mei, majaji watano wa Mahakama Kuu walikuwa wamesimamisha mpango wa BBI, ule uliozaliwa na salamu ya mikono ya Machi 2018. Ungebadilisha katiba ya 2010 na kurudisha waziri mkuu na viti vingine vya kugawana. Kisumu tuliomboleza hukumu ile. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliwatukana wale majaji mbele ya watu, kwenye tuktuk, na dereva akanipunguzia nauli.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa natukana. Nyumba mbili zilikaa chini zikakubaliana kuifungua katiba ili kuongeza viti, na kwa mara ya kwanza tangu 1963 kuna kitu kilisimama kati yao na mlango. Kufuli ilishika. Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaizika BBI. Kama kitu kama kile kingekuwepo 1964 na 1966, pengine Oktoba 1969 ingekuwa siku ya kawaida ya kufungua hospitali. Na sisi, wajukuu wa waliopigwa risasi, tulikuwa upande wa kuvunja kufuli, kwa sababu tuliahidiwa kiti.

Kuna mwaka mwingine uliofaa kukumbukwa siku ile Mamboleo, na sikumsikia mtu jirani yangu akiutaja. Desemba 1921, karibu miaka mia moja kabla, watu walikusanyika Lundha kule Gem wakaanzisha Young Kavirondo Association. Walikataa kipande. Walikataa kodi iliyopandishwa, kazi ya kulazimishwa, na nchi yao kugeuzwa koloni bila wao kuulizwa. Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti. Mwaka uliofuata Gavana Edward Northey alilazimika kuja Nyahera kuwasikiliza. Baadaye mmishenari mmoja, Archdeacon Owen, alikipoza chama kile hadi wanachama wakawa wanaahidi kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Lakini watu walikuwa wameshaupa mkutano ule jina lao wenyewe: Piny Owacho. Nchi imesema.

Angalia hilo jina. Hakuna mtu ndani yake. Si Okwiri amesema, si chifu amesema. Nchi. Hao hawakuwa na redio wala simu, wengine hawakujua kuandika, lakini walijua nani mwenye neno la mwisho. Katika miaka mia moja tumesafiri kutoka Piny Owacho hadi Baba amesema, na tunaita safari hiyo kukomaa kisiasa.

Baba naye ametangulia. Oktoba 2025 tulimlilia Raila pale pale Mamboleo, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Mtu aliyelala kizuizini miaka ili mimi niweze kuandika haya ana haki ya machozi yangu. Lakini hata kabla ya matanga kuisha vijiwe vilikuwa vinauliza swali moja: sasa nani? Nani anachukua fimbo, nani anatuongoza kwenye kiti? Hilo swali lilinitia baridi. Tumepata nafasi ambayo hatujawahi kuwa nayo tangu 1957, ya kukaa bila mtu wa kumngoja, na jambo la kwanza tunalofanya ni kutafuta wa kumngoja.

Mimi nina swali lingine. Katiba ya 2010 iliturudishia sehemu ya kile kilichochukuliwa 1964: kaunti, Seneti, mahakama inayoweza kumwambia Rais hapana. Nani anailinda hapa Kisumu? Kwa sababu sioni tukilinda. Serikali ya kaunti ikisoma bajeti, ukumbi una viti vitupu. Kikao cha maoni ya wananchi kikitangazwa, tunaenda kama kuna soda. Polisi wakiua kijana Kondele tunafunga barabara siku mbili, halafu kesi inaendeshwa miaka na mama yake anakaa peke yake kortini. Mwaka wa 2017 mtoto mchanga alipigwa rungu Nyalenda akafa. Tulilia. Wangapi kati yetu tumewahi kukanyaga mahakama kesi hiyo ikitajwa? Mimi hapana, na ninaona aibu kuandika hivyo.

Kwa hiyo, kinyozi wangu, haya ndiyo ninayodai mimi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013 na siku ya Kisumu imo ndani. Machi 2015 Rais aliomba msamaha Bungeni kwa dhuluma za nyuma na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Tudai mfuko huo kwa mbunge tunayempa kura, kwa jina, kila anapokuja kuomba. Tudai majina ya waliouawa yaandikwe kwenye ukuta wa Russia, mahali ambapo mgonjwa na mgeni watayasoma, na tarehe 25 Oktoba shule za Kisumu ziwafundishe watoto kilichotokea na sheria zilizotangulia kutokea kwake. Na siku yoyote mtu yeyote, awe wa kabila gani, awe mtoto wa nani, akija kutuambia katiba ifunguliwe kidogo tu ili tupate chetu, tumuulize kwanza nani atabaki na ufunguo yeye akitoka.

Nilirudi Kondele wiki iliyopita. Nilimwambia haya yote, nywele nusu. Alizima mashine, akanitazama kwenye kioo kwa muda. Kisha akaniuliza kama majina yale yapo mahali popote, kwa sababu kaka wa baba yake alienda Russia siku ile akiwa amevaa sare za shule, na nyumbani walimzika bila mtu yeyote wa serikali kuwauliza aliitwa nani.